Blogger Darasani: Mwaka Mmoja wa Kidato cha Tatu, Kalamu Nyekundu na Bando la Elfu Moja

Nina mwanafunzi mmoja ambaye nimemsahihishia neno "kwasababu" tangu yuko Kidato cha Kwanza. Yeye analiunganisha, mimi nalikata katikati kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "maneno mawili", yeye anapokea daftari, anaangalia alama, anafunga. Wiki inayofuata "kwasababu" iko palepale, imenona. Mwaka jana mwezi wa tano, mtoto wa Unguja ambaye hawajawahi kuonana alimwandikia chini ya kazi yake maneno matano tu: "Hiyo sababu imemezwa na kwa?" Darasa zima likaangua kicheko. Hajarudia kosa hilo mpaka leo.

Miaka miwili ya wino mwekundu, halafu swali moja la mtoto mwenzake likamaliza kazi. Nilijisikia vibaya kidogo, sikatai.

Basi hii ni tathmini yangu ya Blogger, ile huduma ya blogu ya Google, kama kifaa cha kufundishia. Siandiki kuhusu kutengeneza pesa kwa blogu wala kufuatwa na watu wengi. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata wilayani Muheza, Tanga, mikondo miwili ya Kidato cha Tatu, jumla wanafunzi 94. Nimeitumia kuanzia Januari hadi tulipofunga mwishoni mwa mwaka. Hakuna aliyenilipa. Zaidi sana mimi ndiye niliyekuwa nalipa, hasa steshenari, na nitafika huko.

Kabla ya Blogger nilijaribu huduma nyingine ya bure ambayo sitaitaja. Niliifungua usiku, nikaweka insha nne, kesho yake nikaazima projekta ya ofisi ya taaluma nikawaonesha. Pembeni ya insha ya binti aliyeeleza mazishi ya babu yake likatokea tangazo la kubeti, linawakawaka, linakuhimiza uweke mkeka wako mapema. Wavulana wa dawati la nyuma walisoma tangazo lote. Insha hawakuisoma hata mstari. Nilizima projekta, nikaomba radhi kwa yule binti, na hiyo huduma sikuigusa tena.

Mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha Unguja, ndiye aliyeniambia: "Dada, rudi tu kwenye ile ya zamani." Na kweli ni ya zamani. Blogger ilianzishwa Agosti 1999 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Pyra Labs, Google wakainunua Februari 2003. Ina umri mkubwa kuliko kila mwanafunzi wangu. Sisi tulipokuwa vijana tulikuwa tunalipia dakika kwenye intaneti kafe ili kusoma blogu ya Michuzi, na ilikuwa Jikomboe ya Ndesanjo Macha iliyonionesha kwamba mtu anaweza kublogu kwa Kiswahili kitupu, mambo mazito, na watu wakasoma na kujibizana naye. Kwa hiyo nilipoifungua Blogger tena nilikuwa kama mtu aliyerudi mtaa aliokulia na kukuta nyumba zimepakwa rangi mpya. Sura yake waliibadilisha mwaka 2020, lakini vyumba ni vilevile: andika, hifadhi rasimu, chapisha, soma maoni.

Uchache huo wa mambo ndio sifa yake ya kwanza kwangu. Ukiwa na akaunti ya Gmail umeshaingia. Hulipi chochote, na matangazo hayawekwi mpaka mwenyewe uyaombe. Anwani unapewa yenye blogspot.com mwishoni. Muundo niliouchagua ni ule mweupe usio na madoido, na unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, jambo ambalo kwetu chini ya milima ya Amani ni la kila siku mvua ikinyesha. Bando la shilingi elfu moja linanitosha kupandisha kazi za wiki nzima, ilimradi picha nizipunguze kwanza. Picha ya simu ikiwa na MB nne, ipunguze ifike KB mia mbili. Usipofanya hivyo bando litaisha kwenye picha ya mbuzi.

Sasa nieleze jinsi tunavyofanya, maana wenzangu wengi huniuliza: "Wanafunzi hawaruhusiwi simu, wewe wanablogu na nini?"

Wanablogu na daftari. Jumatatu natoa mada. Jumatano rasimu ya kwanza inabadilishwa dawati kwa dawati, na sheria ni moja: msomaji haruhusiwi kuandika "nzuri" wala "hongera", anaandika swali moja tu ambalo insha haijalijibu. Ijumaa rasimu ya pili. Jumamosi asubuhi wanakuja wachapaji sita wa Klabu ya Kiswahili, tunakaa chumba cha kompyuta, ambako kompyuta ni tatu na inayowaka ni moja. Ya pili ni kishikwambi changu, vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Wanachapa kwa zamu, wengine kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Tunachagua kazi kumi na mbili kwa wiki, na kila mwanafunzi lazima zamu yake ifike. Siyo wale wale wanaojua.

Hakuna jina halisi. Kila mmoja ana jina la kalamu, na hapo ndipo niliposhangaa walivyo na vichekesho: Mtoto wa Stendi, Bibi Harusi wa Kesho, Uji Bila Sukari, Mkia wa Foleni. Mtoto aliyenuna darasani mwaka mzima, akishaitwa Uji Bila Sukari anakuwa mtu mwingine.

Kero za Jumamosi zile ni mbili, na zote hazikutoka Blogger. Ya kwanza ni mistari myekundu. Kivinjari kimewekwa Kiingereza, kwa hiyo kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu chini kuwa ni kosa. Wiki ya kwanza mchapaji mmoja aliinuka na kusema, "Madamu, yote nimekosa." Ukurasa mzima ulikuwa umejaa damu. Ya pili ni kibodi ya kishikwambi, ambayo ilikuwa inajitia kujua. "Hata" inaigeuza "hate", "kama" inaifanya "karma". Tulichapisha insha moja yenye karma nne kabla sijaingia kwenye mipangilio ya kibodi nikaweka Kiswahili. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, msisubiri.

Nimekuta pia kwamba skrini inawaondolea ule uandishi wa meseji, wa "xaxa" na "cjui". Nilitegemea kinyume chake. Nadhani ni kwa sababu wanajua Unguja wanasoma.

Nije kwenye Unguja, maana bila wao hii ingekuwa gazeti la ukutani lenye umeme. Mwenzangu yule alikuwa na darasa lake la kidato hichohicho, nikamwalika kama msomaji, yeye akawa anawaonesha wake na kutuma maoni yao. Mimi nikamfanyia hivyohivyo kwa blogu yao. Maoni nimeyawekea ulinzi: yote yanasubiri niyaone kwanza ndiyo yatokee. Mipangilio hiyo ipo, unachagua yasubiri yote, yasubiri baadhi, au yapite. Wekeni yote. Maoni niliyoyazuia mwaka mzima hayafiki matano, lakini hayo machache yangetosha kunitoa ofisini.

Wiki ya tatu, mmoja wa kwangu, mjuaji, aliwaandikia: "Mmekosea tahajia. Ni shule, si skuli." Jibu likaja baada ya siku mbili: "Kwetu hata kibao cha getini kimeandikwa skuli. Nenda kamwambie Waziri."

Kipindi cha dakika arobaini kilichofuata sikufundisha nilichopanga. Tulikaa na hilo neno. Nikawaeleza kwamba "shule" tumelitoa kwa Wajerumani waliotawala huku Bara, na "skuli" limetoka kwa Waingereza, kwa hiyo hakuna kati yetu mwenye haki ya kumcheka mwenzake, wote tumeazima. Mtoto mmoja akauliza, kama Wajerumani wangetawala mpaka Unguja nao wangesema shule? Mwingine akauliza kabla ya hao wote watu wa pwani walikuwa wanaitaje mahali pa kusomea. Nikasema chuo. "Basi sisi tuko chuo, Madamu." Mada ya ukopaji wa maneno ipo kwenye muhtasari wangu na nimeifundisha miaka tisa kwa kuandika orodha ubaoni. Haijawahi kuniletea swali kama lile la mwisho.

Halafu kuna machungwa. Muheza bila machungwa hakuna, na nilijua insha ya machungwa itakuja. Ilikuja kutoka kwa Mtoto wa Stendi, ambaye ndiye huyohuyo bwana "kwasababu". Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Machungwa ni zao muhimu sana la biashara katika wilaya yetu. Machungwa yana faida nyingi. Kwanza, yanatupatia fedha za kigeni." Mnazijua hizo. Ni insha ambayo mwanafunzi yeyote wa nchi hii anaweza kuiandika usingizini, ukibadilisha machungwa ukaweka korosho inakwenda vilevile. Mimi ningeipa 12 kwa 20 nikageuza ukurasa.

Tuliichapisha hivyohivyo, maana zamu yake ilifika. Unguja wakauliza mawili. La kwanza: "Ni machungwa matamu au madanzi?" Wangu wengi hawakulijua danzi, wakadhani wenzao wamekosea kuandika dansi. Tukafungua kamusi: ni chungwa kali. La pili lilikuwa fupi: "Nani anapanga bei?"

Hilo la pili lilimkaa. Aliniomba aandike upya, na mimi sikumbuki lini mwanafunzi aliniomba aandike insha upya. Rasimu mpya ilikuwa na kipande hiki, nakinukuu kwa ruhusa yake:

"Baba huuza shamba zima machungwa yakiwa bado kijani mtini. Mnunuzi hutembea naye akitazama juu tu, hahesabu. Wakifika mwisho wa shamba anataja bei. Baba anasema ongeza. Haongezi. Anasema lori lake linasubiriwa Kenya. Tunauza kwa sababu sare na madaftari hayasubiri yaive."

Ukitazama utaona "kwa sababu" imekaa sawasawa, mbali mbali. Lakini hata ingekuwa imeungana, kwa kipande kile ningemsamehe.

Kuanzia hapo nikawa najua blogu inanisaidia nini na hainisaidii nini. Haimfundishi mtoto kuandika. Inampatia mtu wa kumwandikia. Mimi mwalimu wake nimeshayajua machungwa, nimeyala, nimeyapita barabarani kila siku, na yeye anajua kwamba najua, ndiyo maana ananiandikia faida tatu na hitimisho. Yule wa Unguja hajui, na anauliza kweli.

Niseme sasa palipo na shida, na shida kubwa ni moja.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, na wenye blogu wakatakiwa leseni ya TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano: shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni moja kila mwaka. Mnakumbuka blogu zilivyofungwa kimyakimya mwaka ule. Kanuni zile zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena 2022, na kila mwalimu azisome za sasa mwenyewe kabla hajaanza. Mimi sikutaka kubishana na mtu, na pia hawa ni watoto. Blogu yetu nimeifunga, ni ya faragha, wanaoiona ni niliowaalika. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti hilo, na nadhani hata bila kanuni yoyote ningelikubali.

Lakini ukiifunga blogu ya Blogger, kila msomaji unamwalika kwa barua pepe, na ili asome lazima aingie kwa akaunti ya Google. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kwa ofisi ya mjini hilo si neno. Kwa mzazi wa kwetu ni ukuta.

Si kwamba hawana akaunti. Simu nyingi ni za Android na haziendi bila hiyo akaunti. Tatizo ni kwamba hawaijui. Ilifunguliwa na fundi pale stendi siku simu iliponunuliwa, fundi akaweka jina lililomjia kichwani na neno la siri analolijua yeye. Mama mmoja aliniletea simu yake nimsaidie. Nikaingia kwenye mipangilio nikakuta anwani yenye jina la timu ya mpira na tarakimu 2019. Mama wa watu hafuatilii mpira kabisa. "Mwalimu, hiyo ni ya kwangu?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni ya kwako. Tukacheka, lakini neno la siri halikujulikana mpaka leo.

Kati ya wazazi na walezi 94 nilifanikiwa kuwaingiza 11.

Kwa hiyo ile ndoto ya "mzazi atasoma kazi ya mwanawe akiwa nyumbani" ilikufa mapema. Nikaanza kuchapisha kwa karatasi. Kila Jumatatu napita steshenari, shilingi 200 kwa ukurasa, kurasa sita au saba, tunabandika ukuta wa nje wa ofisi ambapo wazazi hukaa wakisubiri kuonana na mkuu. Chini tukaweka boksi la viatu na vipande vya karatasi. Anayetaka kutoa maoni anaandika, anatumbukiza, na Jumamosi wachapaji wanayaingiza kwenye blogu. Ni mzunguko wa ajabu, karatasi inakwenda mtandaoni inarudi karatasi, na mwenzangu wa Unguja alinicheka sana. Lakini maoni ya boksi la viatu yalikuwa mengi kuliko ya mtandao. Mlinzi wa shule alichangia kila wiki. Ana mwandiko mzuri kunishinda.

Zipo njia nyingine za kukwepa tatizo la Gmail. WordPress.com inakuruhusu kuweka neno la siri kwenye chapisho moja moja, unampa mzazi hilo neno tu na anasoma bila akaunti. Hilo Blogger hawana, na ni pengo kubwa. Ila ya bure ya WordPress.com huwekewa matangazo, na mimi na matangazo mnajua tulikotoka. Edublogs, inayotumia mitambo hiyohiyo ya WordPress na iliyoanza 2005 kwa ajili ya mashule, inamwezesha mwalimu kuwafungulia wanafunzi akaunti bila barua pepe. Shule yenye kompyuta za kutosha ningeishauri iangalie huko kwanza. Kwa kompyuta moja na kishikwambi kimoja, akaunti 94 za nini?

Na makosa yangu mwenyewe, nisije nikajifanya malaika. Blogger ina sehemu ya kupanga muda wa chapisho kutoka. Nilitaka zitoke Jumatatu saa mbili asubuhi, nikaandika 2:00. Tena saa za blogu zilikuwa bado za Marekani, sikuwa nimezibadilisha kuwa za Dar es Salaam. Chapisho likatoka wakati ambao hauko kwenye saa ya Kiswahili wala ya Kizungu, na Unguja wakafungua darasani wakakuta patupu. Nenda kwenye mipangilio, badili majira, na kumbuka mashine haijui kwamba saa mbili yetu ni saa nane yao.

Kosa la pili si la kuchekesha. Binti mmoja aliandika juu ya nyumbani kwao, akaandika vizuri mno, na mchapaji akaichapa kama kazi nyingine. Bahati ilikuwa bado rasimu, haijachapishwa, maana kitufe cha kuchapisha nabonyeza mimi tu. Nilisoma Jumapili usiku. Haikwenda mtandaoni wala ukutani. Ilikwenda kwa mwalimu wa malezi, mimi na yeye, na yule binti akiwepo na akikubali. Tangu siku hiyo nasoma madaftari Ijumaa kabla hayajafika kwa wachapaji, na nimewaeleza mapema kwamba yapo ya kuandikia Madamu peke yake, yana alama vilevile.

Mkuu wa shule aliniuliza mwezi wa saba, kwa upole, "Hii ipo kwenye mtihani?" Nilimjibu kwamba kwenye mtihani wa NECTA hakuna swali la blogu, ila insha ipo. Akaguna. Sina takwimu za kumpa. Mtihani wa mwisho wa mwaka uliwapandisha wengine, wengine wamebaki walipokuwa, na kwa darasa moja siwezi kutenganisha kilichofanywa na blogu na kilichofanywa na ule mtindo wa kuandika rasimu mbili. Nahisi kazi kubwa ilifanywa na lile swali moja la Jumatano, ambalo halihitaji hata umeme. Ila wangeliandika bila kujua kwamba Jumamosi kuna wachapaji? Mwaka juzi niliwaambia wabadilishane madaftari na wakaandikiana "nzuri sana" mstari mzima.

Muda ni mwingi, hilo msidanganywe. Jumamosi tatu kwa mwezi zimekwenda. Kama una watoto wadogo nyumbani, anza na kazi kumi na mbili kwa mwezi badala ya kwa wiki.

Alama sasa, kwa kalamu ileile. Nawapa Blogger 68 kwa 100, ambayo kwa viwango vya Kidato cha Nne ni B. Nimewapa nyingi kwa wepesi, kwa bure isiyo na mkeka, kwa ulinzi wa maoni na kwa rasimu inayokaa ikisubiri. Nimekata kwa hilo la faragha kudai akaunti ya Google kwa kila msomaji, na hapo nimekata kwa uchungu, maana ndipo wazazi walipobaki nje. Mwaka huu naendelea nayo na Kidato cha Tatu kipya. Wale wa zamani wako Kidato cha Nne, wamepewa mwalimu mwingine, lakini wachapaji wawili bado wanakuja Jumamosi eti kuwafundisha wadogo zao.

Nimalizie na Mtoto wa Stendi. Insha yake ilikuwa ukutani wiki ya pili ya msimu. Baba yake alikuja shule kwa jambo lingine kabisa, la dawati lililovunjika, akakaa kwenye benchi akisubiri, akaanza kusoma. Jina la kalamu halikumdanganya, shamba lake analijua. Nilikuwa napita na rundo la madaftari nikamwona amesimama, kidole kiko kwenye mstari, anasoma kwa sauti ya chini. Nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka.

"Mwalimu, huyu kaandika haongezi."

Nikamwambia ndivyo alivyoandika.

"Aliongeza. Mwaka ule wa mvua, aliongeza elfu ishirini. Huyu alikuwa mdogo, hakumbuki."

Nikampa kipande cha karatasi na kalamu. Akasema mwandiko wake mbaya, niandike mimi. Nikaandika anavyosema, neno kwa neno, yeye akatumbukiza mwenyewe kwenye boksi la viatu.

Jumamosi mchapaji aliyeangukiwa na karatasi ile ni mwanawe. Aliisoma mara mbili, akainua macho akaniuliza, "Madamu, haya naweka maoni, au narekebisha insha?"

Nikamwambia afanye anavyoona. Aliweka vyote viwili.